Leseni ya jimbo haikupi I-20: chuo kidogo cha Marekani kinavyopata ruhusa ya kupokea wanafunzi wa viza

Swali: "Nina chuo kidogo cha ufundi hapa Houston, Texas. Tunafundisha usaidizi wa tiba kwa miezi 9, na kozi ya wiki chache ya uuguzi msaidizi. Leseni ya jimbo tumeipata mwaka jana. Wanafunzi wetu wengi ni wakimbizi na wenye grini kadi waliotoka Afrika Mashariki. Sasa kila wiki napigiwa simu kutoka nyumbani: nitumie I-20, ile hati ya chuo ya kuombea viza ya masomo. Mtu mmoja anayejiita mshauri ameniambia kwamba kwa kuwa leseni ninayo, kilichobaki ni kulipa ada, na ndani ya mwezi nitapewa namba ya kutolea I-20. Anashauri pia shemeji yangu aliyeko nyumbani tumwandikishe kuwa ofisa wetu wa wanafunzi wa kigeni, alipwe kamisheni kwa kila mwanafunzi atakayemleta. Tangazo tumeshaliandaa: 'Chuo kinachotambuliwa na serikali ya Marekani, viza uhakika.' Nianzie wapi?"

Jibu: Dada, kwanza tangazo hilo lisitoke. Sababu nitaieleza mbele kidogo, lakini kama liko kwa mchapaji, mpigie leo. Na huyo mshauri usimlipe kitu kwa sasa. Mambo yote matatu aliyokuambia si sahihi: leseni ya jimbo peke yake haitoshi, kazi hii haimalizwi kwa mwezi mmoja, na shemeji yako hawezi kisheria kuwa ofisa wa chuo kwa mpango huo.

Tuanze na nani hutoa ruhusa. Texas imekupa haki ya kufundisha na kutoza ada. Haki ya kumwandikia mtu aliye nje ya Marekani hati ya kuombea viza ya masomo iko kwa serikali kuu, na wala si kwenye Wizara ya Elimu kama wengi wanavyodhani. Iko Idara ya Usalama wa Ndani, kwenye programu iitwayo SEVP ambayo imo ndani ya ICE, lile shirika la uhamiaji na forodha ambalo watu wetu wanalijua kwa mambo mengine. SEVP ndiyo inayoidhinisha shule kupokea wanafunzi wa F-1, yaani wa masomo ya kitaaluma na ya lugha, na wa M-1, yaani wa ufundi. Wa J-1, wale wa mabadilishano, wana mlango wao Wizara ya Mambo ya Nje, na wewe haukuhusu.

Ukijiuliza masomo yameingiaje mikononi mwa watu wa usalama, historia yake ni fupi na inaeleza mengi. Katika shambulio la bomu la World Trade Center mwaka 1993, mmoja wa waliohusika alikuwa ameingia nchini kwa viza ya mwanafunzi, akaacha masomo, na hakuna aliyemfuatilia. Sheria ya 1996 ikaagiza taarifa za wanafunzi wa kigeni zikusanywe kwa kompyuta, lakini utekelezaji ukasuasua. Kisha yakaja mashambulio ya Septemba 2001. Machi 2002, miezi 6 baadaye, shule moja ya urubani huko Venice, Florida, ikapokea kwa posta barua za idara ya uhamiaji zikithibitisha kwamba wawili kati ya watekaji wa ndege wamekubaliwa hadhi ya uanafunzi. Watu walikwisha kufa, na karatasi zao bado zilikuwa zinasafiri. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria inayotaka kila shule iliyoidhinishwa ikaguliwe upya kila miaka 2, na mwaka 2003 mfumo wa SEVIS ukaanza kutumika. SEVIS ni daftari la kompyuta ambamo kila mwanafunzi wa F na M ameandikwa, na shule ndiyo inayolijaza.

Nakueleza hayo ili uone unaomba nini. Watu wengi huja kwangu wakidhani wanaomba kibali cha kutoa karatasi. SEVP inakuangalia kwa jicho jingine kabisa: wewe unajitolea kuwa mtu wa kutoa taarifa za kila mwanafunzi wa kigeni aliye chini yako, kwa tarehe, kwa jina, bila kusubiri uulizwe. Ukilishika hilo, masharti yote yanayofuata utayaelewa bila shida.

Kanuni inakutaka uthibitishe kwamba chuo ni halali na kimekwisha kusimama kama mahali pa elimu. Kwamba kina majengo, watu na fedha za kuendesha kozi zinazotajwa. Na kwamba kwa kweli kinafundisha. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. SEVP haiidhinishi ndoto. Hakuna kuidhinishwa kwanza ndipo wanafunzi wa kigeni waje wakufungulie chuo. Madarasa yawe yanaendelea, kozi ziwe na wanafunzi, mahudhurio yawe yanaandikwa. Hapo wewe una afadhali kuliko wengi, maana wanafunzi unao. Kozi ambayo hujaianza kuifundisha, usiiandike kwenye maombi.

Maombi yenyewe ni Fomu I-17, na hujazwa ndani ya SEVIS. Unaomba kwanza jina la mtumiaji na neno la siri la muda, kisha unaanza kujaza: jina la kisheria la mmiliki, kila mahali pa kufundishia, aina ya kozi, urefu wa mihula, idadi ya wanafunzi na walimu, gharama kwa mwaka, masharti ya kujiunga na ya kuhitimu. Ada ya maombi tangu Juni 2019 ni dola 3,000, na juu yake dola 655 za ukaguzi kwa kila mahali pa kufundishia. Hiyo kauli ya "kila mahali" isikupite. Kama umekodi chumba upande wa pili wa mji kwa ajili ya darasa la jioni, na mwanafunzi wa viza atasomea humo, kinaandikwa na kinakaguliwa. Angalia pia viwango siku ya kulipa, kwa sababu hubadilishwa kwa kanuni.

Sasa ushahidi. Chuo binafsi kama chako lazima kilete uthibitisho wa mamlaka inayokipa leseni. Kwa chuo cha ufundi wanataka zaidi ya hapo: uonyeshe kwamba kozi zako zinakubalika kumfikisha mtu kwenye taaluma au kazi fulani, na kwamba si za kujifurahisha au kupitisha muda. Njia nyepesi ya kulionyesha hilo ni ithibati kutoka shirika linalotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani. Kwa vyuo vya afya na ufundi yapo kadhaa, kama vile ABHES na ACCSC, ila si jambo la miezi miwili, na kwa kawaida hudai chuo kiwe kimefundisha kwa muda, mara nyingi miaka 2, ndipo kiombe. Bila ithibati mlango haujafungwa kwa chuo cha ufundi, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa mzito zaidi: barua za waajiri wasio na uhusiano na wewe, wanaosema waliwaajiri wahitimu wako na kuwaona wanafaa. Chuo chenye leseni ya mwaka mmoja kina wahitimu wangapi walioko kazini? Jibu unalo wewe. Kama bado ni wachache, subiri kundi la pili na la tatu limalize. Kusubiri huko hakuna hasara.

Kitu kingine kinachoombwa, ambacho wenye vyuo vidogo hukistukia wamechelewa, ni prospektasi. Kanuni imetaja waziwazi kinachotakiwa kujulikana: ukubwa wa majengo, vifaa vya kujifunzia, sifa za walimu, mishahara yao, utaratibu wa mahudhurio na wa kutoa alama, huduma za ushauri kwa wanafunzi, na hali ya fedha, pamoja na taarifa ya mhasibu inayoonyesha mali, mapato na matumizi. Naam, mishahara ya walimu. Anayesoma maombi anataka kuona kama mwalimu analipwa kiasi cha kuishi kwa kazi hiyo au ni jina tu lililoazimwa kujaza nafasi. Kama hesabu zako mpaka leo ziko kwenye simu na risiti ziko kwenye mfuko wa nailoni, mtafute mhasibu kabla hujafungua SEVIS.

Na kama mtu atakushawishi uongeze kozi ya Kiingereza kwa kuwa hiyo ndiyo inayovuta wageni wengi, jua kwamba tangu sheria ya 2010 kozi ya Kiingereza ya kupokea wanafunzi wa F-1 lazima iwe na ithibati. Hapo barua za badala hazisaidii.

Nije kwa shemeji. Kila chuo kilichoidhinishwa kina ofisa mteule mkuu mmoja, ambaye wanaozoea mambo haya humwita PDSO, na maofisa wateule wengine, DSO, kadiri ya mahitaji. Hao ndio wanaoingia SEVIS na kusaini I-20. Ofisa mteule lazima awe raia wa Marekani au mwenye grini kadi. Awe mwajiriwa wa kawaida wa utawala wa chuo. Ofisi yake iwe chuoni penyewe. Na malipo yake yasitokane na kamisheni ya kuleta wanafunzi wa kigeni. Mtu ambaye kazi yake kubwa ni kuwatafuta wanafunzi hao kwa malipo, kanuni inamkataa kwa maneno ya wazi. Shemeji yako anaanguka kwenye karibu kila sharti. Nami naona sharti hilo ni la haki. Ofisa huyu ndiye atakayeandika kwamba fulani ameacha masomo. Akiwa anakula kwa kila kichwa, siku hiyo ikifika kalamu yake itakuwa nzito.

Wakala hajakatazwa. Shemeji anaweza kukutangaza, kueleza kozi zako na kumsaidia mtu kukusanya vyeti vyake. Asichoweza ni kukubali mwanafunzi wala kushika I-20 zilizosainiwa zikisubiri majina. I-20 hutolewa baada ya maombi, vyeti na uthibitisho wa fedha kupokelewa na kupitiwa chuoni, huku Marekani, na mwenye mamlaka ya udahili kuridhika kwamba mtu huyo anastahili. Faili la kila mmoja linabaki kwako kwa angalau miaka 3 baada ya yeye kumaliza au kuondoka.

Ukishapeleka maombi na kulipa, utapangiwa ukaguzi. Hapa ngoja nikupeleke ndani kidogo, kwa sababu watu hupaka rangi kuta na kununua viti vipya wakisahau kinachotazamwa. Niliwahi kuwapo kwenye ukaguzi wa chuo kimoja ambacho majengo yake yalikuwa mazuri kuliko ya wengi. Mkaguzi alizunguka madarasa, akaona maabara, akahesabu vitanda vya mazoezi, hakuuliza mengi. Kisha akaketi na PDSO peke yake, mmiliki akiwa nje ya mlango. Akamuuliza: mwanafunzi wa M-1 asipotokea wiki ya pili, unajuaje, na unafanya nini? PDSO, ambaye alikuwa mpwa wa mmiliki, akasema mwalimu atampigia. Mwalimu gani? Hakuwa na jina. Akaulizwa ofisi yake iko wapi. Akaonyesha meza yenye kompyuta ambayo hata haijachomekwa umeme. Alikuwa na kazi nyingine ya kutwa mahali pengine. Yule mkaguzi hakugombana na mtu, aliandika tu. Chuo kikatakiwa kuleta PDSO mwingine na maelezo upya, na miezi ikaenda.

Kwa hiyo mtu wako wa SEVIS mchague mapema, tena mchague vizuri. Asiwe ndugu kwa sababu ni ndugu. Namtaka yule mwenye tabia ya kuandika tarehe kwenye kila karatasi inayopita mikononi mwake, mwenye simu inayopokelewa, na asiyeogopa kukuambia wewe mwenye chuo kwamba jambo fulani haliwezekani. Wawe wawili, ili mmoja akiumwa kazi isisimame. Wote husaini kwamba wamezisoma kanuni na watazifuata, na wewe mmiliki unasaini ukijua kusema uongo hapo ni kosa la jinai.

Muda? Hesabu miezi. Maombi yenye mapungufu hurudishwa kwa maswali, na kila swali linakula wiki zake. Yeyote anayekuahidi tarehe anauza asichokuwa nacho. Ukikubaliwa, unapewa namba ya shule, herufi 3 zikifuatwa na 214F na tarakimu, na hapo ndipo chuo kinaweza kutoa I-20 ya kwanza. Mwanafunzi akiipata, analipa ada ya SEVIS ya dola 350, kisha anakwenda kuomba viza ubalozini, ambako uamuzi ni wa ofisa wa konseli peke yake. Idhini yako haimfungi ofisa huyo kwa lolote. Ndiyo maana maneno "viza uhakika" ni uongo hata kama hukukusudia kudanganya. Na kuhusu "kinachotambuliwa na serikali": kanuni inakuruhusu sentensi moja tu kwenye matangazo, nayo husema kwamba chuo kimeruhusiwa chini ya sheria ya serikali kuu kupokea wanafunzi wa kigeni wasio wahamiaji. Hata hiyo ni kwa chuo kilichokwisha kuidhinishwa. Chako bado. Umeona sasa kwa nini nilitaka umpigie mchapaji.

Tukiacha taratibu, kuna jambo ambalo ningekuuliza tungekuwa tumekaa pamoja: je, hii M-1 itawafaa hao wanaokupigia simu? Kozi zako ni za ufundi, kwa hiyo wanafunzi wako watakuwa M-1, si F-1. Mwanafunzi wa M-1 haruhusiwi kufanya kazi anaposoma, hata saa chache ndani ya chuo, jambo ambalo wa F-1 huruhusiwa. Lazima aonyeshe tangu mwanzo fedha za ada na za kuishi kwa muda wote wa kozi. Akimaliza, anaweza kuomba mafunzo ya kazini mwezi 1 kwa kila miezi 4 aliyosoma, yasizidi miezi 6. Kwa kozi yako ya miezi 9 hiyo ni miezi 2, na kibali chenyewe lazima kiombwe na kingojwe. Hawezi kubadili kwenda F-1 akiwa nchini. Na kama mafunzo yako ndiyo yaliyompa sifa ya kazi, hawezi kuyatumia kuhamia viza ya kazi ya H. Darasani anatakiwa kuhudhuria saa 18 kwa wiki kama sehemu kubwa ni nadharia, au 22 kama sehemu kubwa ni maabara na karakana, na masomo ya mtandaoni hayahesabiwi.

Sasa mfikirie kijana aliyeuza shamba la baba yake. Amekuja kusoma uuguzi msaidizi kwa wiki chache, akidhani akimaliza ataajiriwa kwenye nyumba ya wazee na kurudisha fedha. Hataajiriwa kihalali. Atakuwa na cheti mkononi, siku zinahesabika, na deni nyumbani. Wengine hapo ndipo huingia kazi za mlango wa nyuma, na jina litakaloonekana kwenye faili lao ni la chuo chako. Kwa maoni yangu, kozi ile fupi usiiombee idhini kabisa. Ile ya miezi 9 inaweza kuwa na maana kwa mtu mwenye fedha zake na mwenye mpango wa kurudi kufanya kazi kwao, basi. Wanaokupigia simu kila wiki waambie hivyo kwa maneno hayahaya, hata kama watakununia.

Ukiamua kuendelea, jua maisha baada ya idhini yalivyo. Ndani ya siku 30 tangu kozi ianze, ofisa wako anaandika SEVIS nani ameripoti na kusajiliwa na nani hakuonekana. Mwanafunzi akiacha, akimaliza mapema au akihama nyumba, taarifa iingie ndani ya siku 21 tangu chuo kijue. Serikali ikiuliza habari za mwanafunzi mmoja, una siku 3 za kazi kujibu. Ikiuliza za kundi, siku 10. Chuo kikibadili anwani, kozi au maofisa, nayo huandikwa ndani ya siku 21. Chuo kikiuzwa, mmiliki mpya analeta maombi mapya ndani ya siku 60, la sivyo idhini inakwisha yenyewe. Na kila miaka 2 unaomba kuthibitishwa upya, kwa dola 1,250. Taarifa ya kukumbusha huja siku 180 kabla ya tarehe ya mwisho. Usiiweke kando.

Chuo kikivunja masharti, SEVP kwa kawaida hutoa notisi ya kusudio la kuondoa idhini, na chuo kinapewa siku 30 kujibu. Utaratibu huo ulionekana na dunia nzima mwaka 2025. Mei 22 Idara ya Usalama wa Ndani ilitangaza kuifutia Harvard idhini papo hapo. Kesho yake mahakama ya shirikisho huko Boston ikazuia hatua hiyo, na siku chache baadaye serikali yenyewe ikatoa notisi ya siku 30. Juni mahakama ikaongeza zuio. Harvard ina mawakili wa kuingia mahakamani ndani ya saa 24. Chuo cha vyumba vinne hakina; kinga yako wewe ni faili lililo safi. Anayeondolewa idhini, au kunyimwa uthibitisho upya, hawezi kuomba tena kabla ya mwaka mmoja kupita.

Na wanaoumia kwanza ni wanafunzi. Chuo kikuu kimoja kidogo huko Pleasanton, California, kilichoitwa Tri-Valley University, kilifungwa na serikali mwaka 2011. Kilikuwa na idhini ya SEVP, na kilikuwa kikitoa nyaraka za wanafunzi bila kujali kama wanasoma. Kwenye SEVIS zaidi ya nusu ya wanafunzi walikuwa wameandikiwa anwani moja ya nyumba huko Sunnyvale, wakati wenyewe wametawanyika nchi nzima. Mwanzilishi alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha zaidi ya miaka 16. Lakini wapo wanafunzi, wengi wakiwa Wahindi, waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa miguuni, na waliopoteza hadhi, ada na miaka yao. Sina shaka na nia yako. Nataka ujue tu kwamba safu ya "anwani" unayoiona kama nafasi ya kujaza kwenye kompyuta ndiyo iliyokuwa ushahidi mahakamani.

Wakati unajiandaa, usisahau kwamba watu wengi walioko tayari Marekani hawahitaji I-20 yako. Wenye grini kadi, wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenzi wa wafanyakazi wa viza ya H, hao wote unaweza kuwasomesha leo kwa leseni uliyo nayo, ilimradi watimize masharti yako ya udahili. Wa kuwa naye mwangalifu ni mwenzi wa mwanafunzi wa F-1, yaani wa F-2, kwa sababu yeye anaweza kusoma nusu ya muda tu na kwenye shule iliyoidhinishwa na SEVP. Na mwenye viza ya matembezi asijiandikishe kwenye kozi zako hata kama yuko hapa miezi 6 hana la kufanya. Anavunja masharti ya viza yake, na wewe utakuwa umemsaidia.

Umeuliza uanzie wapi. Mwezi huu mpe mhasibu vitabu vyako vyote. Wakati anafanya kazi yake, kaa na walimu mwandike prospektasi inayosema mnachofundisha leo, kwa saa, kwa wiki, na mwanafunzi anapimwaje. Anzeni daftari la mahudhurio linalosainiwa kila kipindi kwa wanafunzi wote, hata hawa wa grini kadi, ili mkaguzi akija akute desturi ya miezi mingi na si daftari jipya. Kusanya barua kwa waajiri kadiri wahitimu wanavyopata kazi. Tafuta mtu wa kuwa PDSO kati ya wafanyakazi ulio nao au umwajiri, umpe ofisi chuoni na muda wa kuzisoma kanuni; SEVP ina mafunzo ya bure mtandaoni kwa kazi hiyo. Mtu huyo akishaweza kukujibu bila kutazama karatasi afanye nini mwanafunzi asipotokea wiki ya pili, ndipo muombe lile neno la siri la muda na kuanza kujaza I-17.